Laptopu ya kuchorea: ThinkPad ya mtumba au MacBook Air? Nasafiri Jumamosi

binti_mkomani:
Assalaam alaykum wanajamvi. Nasomea usanifu wa grafiki Mombasa, mwaka wa pili. Saa hizi niko nyumbani Lamu likizo, Jumamosi narudi. Nimepata laptopu mbili, zote mtumba: ThinkPad T480 na MacBook Air. Bei zinakaribiana. Nichukue ipi? Nijibuni upesi, muuzaji anasema kuna mtu mwingine anaitaka.

fundi_langoni:
Waalaykum salaam. Huyo "mtu mwingine" namsikia tangu nianze kushika bisibisi na sijaona siku amenunua kitu. Air ya mwaka gani? RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ngapi? Una pesa ngapi? Unachora nini? Umeuliza kama msafiri anayetaka mashua nzuri na hasemi anavuka Mokowe hapo ng'ambo tu au anakwenda Kiwayu kule mbali.

kalamu_malindi:
Mac tu, dada. Ukiingia nayo darasani hata mwalimu anakutazama vingine.

mzee_wa_chapa:
Mwalimu kamtazama, sawa. Na mwenye mashine ya kuchapa je? Mimi nakula kwa programu ya kuchorea ya CorelDRAW, mabango, kadi za harusi, fulana. Wenye Mac huniletea PDF herufi zimeruka, kisha lawama kwangu. Chukua Windows.

kalamu_malindi:
Herufi zinaruka kwa sababu hawakuzigeuza kuwa maumbo kabla ya kutuma faili. Mac haina kosa hapo, mzee wangu.

binti_mkomani:
Samahani wakubwa. Air ni ya 2017, RAM GB 8, diski (SSD) GB 128. ThinkPad ina RAM 8, SSD 256. Nina 38,000, na elfu tano humo ni za mama, zitarudi nikitaka nisitake. Mradi wangu ni leso: pindo, mji na jina, rangi zisizidi nne. Nachukua umbo la zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya nyumba za kale za hapa kwetu. Muhula ujao kuna kitabu cha picha.

fundi_langoni:
Hapo sasa tunazungumza. Air ya 2017 RAM yake imegandishwa kwenye bodi, 8 ndiyo hiyo hadi kiama. Mfumo wake wa macOS unaishia toleo la Monterey, programu mpya zitakukataa. Na skrini ya Air hizo ni TN, aina duni: ukiinamisha kichwa kidogo rangi inabadilika. Mchoraji atafanyia nini?
T480 ina nafasi mbili za RAM, ukipata pesa unaongeza. Ina betri mbili, moja ndani, moja ya kuchomoa, kwa hiyo stima ikipotea hupotei nayo. Lakini uliza skrini! Kuna T480 zilizotoka na TN ya 1366 kwa 768, hizo hata bure usichukue. Taka IPS, aina isiyobadili rangi ukiitazama kwa pembeni, ya 1920 kwa 1080. Nayo pia rangi zake ni za kufifia, sikufichi.

wa_tanga:
Leso ni ya kufutia makamasi. Sema kanga.

mzee_wa_chapa:
Haya, wa Tanga kafika. Huku kwetu mpaka Mombasa ni leso, nenda Biashara Street kaulize "doti ya kanga" uone watakavyokutambua kuwa mgeni.

wa_tanga:
Nayo leso yenyewe ni neno la Mreno. Mmeshindwa na nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi, sasa mnamvaa kiunoni 😂

nuru_barani:
Tuacheni Wareno. Dada, nisikilize mimi niliyeungua. Mwaka wa mwisho wa chuo nilinunua Mac ya mtumba Nairobi, duka la ghorofani, safi kama imetoka kwenye boksi. Miezi miwili nachora raha mustarehe. Wiki ya kuwasilisha mradi diski ikajaa, nikaona bora niifute yote nianze upya, maana kazi zangu nilikuwa nimezitia kwenye flashi. Ilipowaka na kushika intaneti, ikaniandikia kwamba mashine hii inasimamiwa na shule fulani ya ng'ambo, weka nywila ya shule. Nywila ya shule nitaitoa wapi mimi, mtoto wa Barani? Nampigia muuzaji: mteja hapatikani. Siku ya tatu, mteja hapatikani. Nikaishia kwenye kibanda cha fotokopi cha binamu yangu, nachora baina ya mteja na mteja, mtu akija na kitambulisho nainuka kitini. Fonti zangu hazikuwemo, kila neno likageuka Arial. Nilipita, lakini ile alama naijua mwenyewe. Mac yenyewe iko kabatini hadi leo, mama huwekea vitambaa juu yake.
Kabla hujatoa shilingi, mwambie muuzaji aifute mbele yako na kuiunganisha na intaneti. Akianza kujikuna, ondoka.

fundi_langoni:
Na ThinkPad vilevile, iwashe ukibonyeza F1. Ikidai nywila ya kuingia BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine, irudishe hapo hapo.

kalamu_malindi:
Pole nuru. Ila muuzaji mmoja mwizi hafanyi Mac zote mbaya. Dada, utatumia programu gani? Usiniambie zile za kuvunjwa, za wizi.

binti_mkomani:
Inkscape, ile ya bure. Illustrator ya kulipia kila mwezi siiwezi.

mzee_wa_chapa:
Inkscape inafanya kazi kwa RGB, rangi za mwanga wa skrini. Buluu yako itatoka zambarau, utalia. Kwenye CMYK, zile rangi nne za wino wa kuchapia, majenta iwe chini ya sayani kwa asilimia 30 au zaidi.

nuru_barani:
Mzee, hiyo ni bango. Leso kila rangi inapigwa kwa fremu yake ya kuchapia kitambaa, rangi bapa. Anachohitaji ni kutenganisha tabaka nne safi, na Inkscape inatosha kabisa. Hata skrini ya kufifia haitamuua.

mzee_wa_chapa:
Na kitabu cha picha atakichapa kwa fremu?

wa_tanga:
Jina la kanga ni lipi? Hilo ndilo watu watasoma. RAM haisomwi.

binti_mkomani:
KILA NYUMBA INA KIDAKA CHAKE. Nimemsomea mama jana, kakataa kabisa. Anasema jirani wa nyumba ya pili atadhani kapigwa kijembe, na wana maneno yao tangu Maulidi.

wa_tanga:
Basi hilo ndilo jina! Nitunzie doti moja.

mzee_wa_chapa:
Jozi.

fundi_langoni:
Skrini umeuliza?

binti_mkomani:
Nimeuliza. Kajibu "iko poa". Na yule mtu mwingine bado anaitaka.