Mgonjwa akipata kidonda wodini, jina la muuguzi liandikwe ubaoni?

Mleta mada
Wadau, kuna jambo linanikera tangu wiki iliyopita. Wodi ninayofanyia kazi imewekewa ubao: wangapi wamepata vidonda vya kulalia, wangapi wameanguka, wangapi wamepata maambukizi kutokana na mpira wa mkojo. Hapo sina neno. Ninachokataa ni safu ya mwisho, yenye jina la muuguzi aliyekuwa zamu. Kazi yetu ipimwe, tena imechelewa kupimwa, ila kwa namna hii mimi sikubali. Karibuni.

Mchangiaji wa 1
Mimi nasema jina libaki. Kidonda kikionekana tu, kila mtu anakumbuka kwamba uuguzi ni kazi ya timu! Kidonda cha kulalia hakidondoki kama radi. Kisigino au sehemu ya juu ya makalio inaanza kuwa nyekundu, unabonyeza kwa kidole, wekundu haufifii. Kwa ngozi nyeusi wekundu unaweza usiuone kabisa, inabidi uguse: pana joto, au pamekuwa pagumu kuliko pembeni. Kuna mtu alipita hapo akaacha shuka kama lilivyo. Huyo ana jina.

Mleta mada
Sawa, nitajie. Mgonjwa kalala siku 6, zamu 3 kwa siku, jumla zamu 18. Kidonda kimeonekana Ijumaa asubuhi, na jina lililoandikwa ni la nesi aliyefunua shuka akakiona. Unadhani wiki ijayo atafunua?

Mchangiaji wa 2
Hapo ndipo vipimo vya namna hii vinapoharibika. Wodi inayokagua ngozi kila siku itaonekana ina vidonda vingi kuliko wodi isiyokagua. Usipojua hilo utampa zawadi asiyeangalia.

Halafu tuwe wakweli kuhusu kilichokwisha kuonekana kwenye takwimu. Mwaka 2002 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha matokeo ya hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Walichopima ni mzigo wa hospitali nzima. Hata Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, alipochora michoro ya vifo vya askari wa vita vya Crimea, alipanga vifo kwa mwezi na kwa chanzo. Hakuuliza nani alikuwa zamu.

Mchangiaji wa 3
Mkuu, hiyo asilimia 7 inatajwa kama msahafu. Hospitali yenye wauguzi wengi huenda ndiyo yenye pesa, mashine na madaktari wazuri. Utajuaje kama waliookoa watu ni wauguzi?

Mchangiaji wa 2
Swali halali. Ndiyo maana napenda mfano wa Queensland, Australia. Mwaka 2016 jimbo liliweka kiwango kwa baadhi ya hospitali za umma: muuguzi mmoja kwa wagonjwa 4 mchana, 7 usiku. Watafiti wakalinganisha hospitali 27 zilizoingia kwenye utaratibu na 28 ambazo hazikuingia, kabla na baada. Vifo vilipungua kwenye zile 27. Zile nyingine havikupungua. Bado si ushahidi usio na doa, lakini kusema "ni pesa tu" hapo inakuwa ngumu.

Mchangiaji wa 4
Mimi naogopa zaidi namba ikifungwa na malipo. Tangu Oktoba 2008 Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, iliacha kuzilipa hospitali gharama za ziada za baadhi ya madhara yanayompata mgonjwa akiwa amelazwa, yakiwemo majeraha ya kuanguka. Nia njema. Ila njia rahisi ya kuzuia mtu asianguke ni kumkataza kushuka kitandani. Mzee aliyeingia anatembea anaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa miguu haina nguvu, na ubao unaonyesha sifuri. Kulegea miguu hakuna safu.

Mchangiaji wa 5
Mimi si wa fani, nimeuguza mama tu. Mngeniuliza mimi, ningepima nani alimgeuza usiku, nani alimpa maji, nani aliitika alipoita. Hayo hayahitaji mtu afe ndipo yahesabiwe.

Mchangiaji wa 2
Mama umegusa penyewe. Watafiti wanaita huduma iliyoachwa, yaani lililopaswa kufanywa halikufanywa. Lakini chati nayo inadanganya. Fungueni chati za wodi yoyote iliyozidiwa muone safu ya upumuaji: 20, 20, 20, wagonjwa wote. Hakuna aliyesimama dakika nzima akihesabu kifua kikipanda na kushuka. Na pumzi kwenda mbio ni miongoni mwa dalili za mapema kwamba mgonjwa anaharibika. Kwangu kipimo kizuri kinaanzia hapo: matatizo yalipotokea, yaligunduliwa mapema au mgonjwa alikutwa ameshakufa?

Mchangiaji wa 1
Na hizo 20, 20, 20 zimeandikwa na mtu mwenye jina.

Mleta mada
Jana nimeongea na sista kiongozi. Amekubali kwa mwezi mmoja safu ya majina ifutwe, na mahali pake tuandike kila zamu ilikuwa na wagonjwa wangapi na wauguzi wangapi. Usiku wa kwanza umeshaandikwa: wagonjwa 31, wauguzi 2. Kidonda kikionekana kesho kutwa, mchangiaji wa 1, utaandika jina la nani?

Mchangiaji wa 1
La aliyepanga zamu. Msimamo wangu uko palepale, jina libaki.