MREJESHO: Yule katibu wa chama cha wanafunzi aliyezidiwa na vikao

Wakuu habari zenu, mimi ndo yule niliyeuliza humu nifanyeje, nimechaguliwa katibu wa chama cha wanafunzi chuoni, vikao haviishi, kazi zote zinaniangukia mimi na masomo yanaanza kuyumba. Asanteni sana mliojibu, hata yule aliyeniambia nijiuzulu nikalale, nilicheka ila nilimwelewa.

Nilichofuata: ajenda naituma kwenye grupu siku moja kabla, na kwenye muhtasari kila kazi inaandikwa jina la mtu na tarehe, sio "kamati itashughulikia" maana hiyo kamati huwa haina mtu. Aisee hii imefanya kazi kuliko nilivyotegemea, kikao kikianza nasoma tu yale majina na ambaye hajafanya anaanza kujitetea mwenyewe kabla sijamuuliza, vikao vimekuwa vifupi na mimi nimezoea kuongea mbele za watu, sauti haitetemeki tena.

Kilichogoma ni ule ushauri wa kugawa kazi halafu nikae pembeni. Mweka hazina alikubali mbele ya wote, kisha risiti za sherehe ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza akaziacha kwenye bahasha bila hesabu yoyote, tukazijumlisha usiku mimi na makamu. Masomo nayo yamepanda kidogo tu, testi moja bado ilinichapa. Muhula ujao sigombei, nitakaa na atakayepokea nimwelekeze. Anayetaka mfano wa huo muhtasari aseme niuweke hapa.