Meza ya mwezi, ukumbi wa siku mbili au ushirika: kipi kinamfaa anayejitegemea?

Mfasiri_Huru
Wakuu, tuko wachache tunaojitegemea na tumechoka kufanya kazi peke yetu nyumbani. Tumeona njia tatu: kila mtu akodi meza ya mwezi kwenye ofisi ya pamoja, tukodi ukumbi kwa siku unazokaa bila shughuli, au tuunde ushirika tupange jengo wenyewe. Kipato chetu hupanda na kushuka. Na nisingependa mgeni akiingia ajione amevamia.

Kalamu_Ndogo
Meza ya mwezi inakuondolea kero ya umeme, usafi na intaneti, hilo nalikubali. Ila mwenye ofisi mara nyingi amepanga jengo kwa mkataba wa miaka mingi, huku yeye akipangisha kwa mwezi mmoja mmoja. Meza zikibaki tupu, kodi yake iko palepale, na pengo hilo huingizwa kwenye bei yenu. Mikataba ya namna hiyo ilichangia sana kuifikisha WeWork, kampuni kubwa ya ofisi za pamoja, mahakamani kwa ufilisi Novemba 2023. Ukienda huko, omba kifurushi cha siku, na uulize kama siku usizotumia zinahamia mwezi ujao.

Hesabu_Safi
Mimi nasema ukumbi. Brad Neuberg, mtengeneza programu anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ofisi za pamoja, alianza hivyo San Francisco, Marekani, mwaka 2005: siku mbili kwa wiki ndani ya jengo la Spiral Muse, kwa meza za kukunja. Mwezi wa kwanza hakuja mtu! Angekuwa amefungwa na kodi ya jengo zima, sidhani kama angefika mwezi wa pili. Ubaya wake ni kubeba vitu kila siku, maana hakuna pa kuviacha.

Mfasiri_Huru
Na simu za wateja je?

Dada_Michoro
Hakikisheni kuna chumba kidogo chenye mlango, hata stoo. Watu hugombana kwa ajili ya simu kuliko kwa ajili ya pesa.

Kuhusu ukaribisho, wekeni mtu wa zamu. Ampokee mgeni, amtajie wenzake, amwoneshe choo na soketi, na saa ya kula asimwache peke yake. Niliwahi kulipia ofisi nzuri kwa kila kitu, nikaondoka kwa sababu hakuna aliyenijua hata jina. Tazameni pia kama mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuingia, na kama anayenyonyesha ana faragha. Mtu hatauliza, ataacha tu kuja.

Kalamu_Ndogo
Dada yuko sahihi. Ushirika usubiri mpaka mjuane na muwe na akiba ya kodi ya miezi kadhaa. Hapo ndipo mnaweza kuchangia kwa uwezo, anayefungua na kufunga akapunguziwa.

Mfasiri_Huru
Basi tunaanza na ukumbi, na zamu ya kwanza naichukua mimi. Mwenye mfano wa makubaliano ya maandishi na mwenye ukumbi, hasa kuhusu funguo na vitu vikiharibika, naomba auweke hapa.