Ripoti ni Ijumaa na kuna nafasi ziko wazi kwenye fomu, nifanyeje?

MpigaHesabu:
Wakuu, habari za huko. Niko Marekani, kusini magharibi, mwaka wa tatu huu. Nashughulikia takwimu kwenye programu ya kabila moja la wenyeji asilia, wale tuliofundishwa shuleni kuwaita Wahindi Wekundu. Programu inatembelea nyumba zenye wajawazito na watoto wadogo. Mama mmoja mtu mzima anaendesha gari maili 60 kwenye vumbi, anakaa na mzazi, wanazungumza malezi, anaangalia mtoto anakuaje, anarudi. Mimi sitoki ofisini. Mimi ni wa fomu.

Hela ni ya serikali kuu, kwa sheria ya 2010, ile ile ya bima ya Obama. Makabila yalikuwa yanatengewa asilimia 3, sheria ya mwishoni mwa 2022 ikapandisha hadi 6. Mwaka wao unafungwa 30 Septemba, kisha ripoti: afya ya mama na mtoto, ajali na ukatili kwa watoto, maandalizi ya shule, ukatili wa majumbani, uchumi wa familia, na rufaa kwenda huduma nyingine. Yangu inatakiwa Ijumaa na kuna nafasi ziko wazi. Swali fupi tu: kujaza nafasi iliyo wazi ni kosa? Bosi yuko likizo. Silali.

Babu Kichuguu:
Yaani umevuka bahari kwenda kujaza fomu? Mtendaji wetu wa kijiji anajaza tangu enzi za Mkapa na hajawahi kukosa usingizi.

Nesi wa Zamu:
Pole mdogo wangu. Mimi na vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma za afya, ni miaka 14, zahanati ina watumishi wawili. Mwisho wa mwezi tunajumlisha kwa tochi ya simu, mwanangu wa darasa la tano ananisomea tarakimu. Kuna mwezi watoto tuliowachanja walizidi waliozaliwa kata nzima. Mganga mkuu wa wilaya alipiga simu anacheka, mimi huku nalia. Na kesho yake foleni ya kliniki ilikuwa imefika barabarani, nani atakaa kuhesabu upya?

KukuKishingo:
Nesi, mleta mada kauliza kitu lakini.

SampuliMbili:
Mkuu, nafasi zipi? Ikikosekana namba ya nyumba ni jambo moja, kikikosekana kipimo ni jambo jingine.

MpigaHesabu:
Kipimo. Yale maswali 10 ya Edinburgh, ya huzuni baada ya kujifungua.

SampuliMbili:
Wangapi? Na mpaka sasa umeandika nini?

MpigaHesabu:
Kumi na mmoja. Nimeweka sufuri, wiki iliyopita.

Kabla hamjanirukia: huyo mama anayewatembelea ni wa kabila lao, anawajua tangu wanazaliwa, na alinambia kwa mdomo wake "hao wako sawa". Hapendi tu kuuliza kwa karatasi. Mfumo nao ukiacha wazi unawaka nyekundu kila mahali. Tunatakiwa kuonyesha nafuu kwenye maeneo 4 kati ya 6, na tuko wanne tunaokula kwa fedha hii. Sijaiba hata senti.

Ustadhi wa Maskati:
Umetoa ushahidi wa usichokiona. Mshahara wa namna hiyo utaula na hautakutosha. Rudi kwa Mola wako kabla ya Ijumaa.

SampuliMbili:
Mimi sina mahubiri, nina hesabu. Pale kila swali ni alama 0 hadi 3. Jumla ikiwa sufuri, maana yake mama aliulizwa yote 10, hata lile la kufikiria kujidhuru, na kila mahali akachagua jibu lenye nafuu kuliko yote. Nafasi wazi inasema hatukumuuliza. Wewe umeandika tulimuuliza. Halafu kumi na mmoja wote sufuri, hata mmoja asipate 2 kwa sababu mtoto kakesha analia? Mkaguzi ataanzia hapo hapo. Fomu zenyewe zina mahali pa kuhesabu waliokosa taarifa, kwa hiyo walishajua watu hukosa.

Dada wa Minneapolis:
Jamani, huyo mama si mkaidi. Kule mgeni mwenye karatasi ana historia. Watoto wao walibebwa kupelekwa shule za bweni, ile ya Carlisle ilifunguliwa 1879. Baadaye wakaja watu wa ustawi wa jamii na mafaili, mpaka Bunge likatunga sheria 1978 kuzuia watoto kutolewa ovyo kwa makabila yao. Na Wahavasupai wa Arizona walitoa damu miaka ya 1990 kwa ajili ya kisukari, ikatumika kwenye tafiti nyingine. Walishtaki, na 2010 chuo kikuu kilichoichukua kikakubali kuwalipa dola 700,000 na kuwarudishia damu yao. Kijana, hizo namba si zako wala za bosi wako. Kabila linajua ulichoandika? Mimi mwenyewe nimelea watatu hapa, akigonga mtu mwenye faili nazima taa.

KukuKishingo:
Wadau mnapoteza bando, hii ni chai. Nimepekua nyuzi zake. Mwezi wa tatu huyu huyu alikuwa dereva wa lori Texas, kaachwa na mke. Leo mtaalamu wa takwimu. Kesho rubani.

Babu Kichuguu:
Nilitaka kusema. Ina tangawizi hii.

MpigaHesabu:
Akaunti tulikuwa tunatumia na kaka. Dereva ni yeye. Aliyeachwa ni yeye.

KukuKishingo:
Kila mtu humu ana kaka. Tupe kitu ambacho aliyekaa Mbagala hawezi kukitunga.

MpigaHesabu:
Kila fomu ina namba ya ofisi ya bajeti ya Ikulu yao, na maelezo kwamba kuijaza kunakadiriwa kuchukua saa kadhaa. Isipokuwa na namba hiyo, sheria haikulazimishi kujibu. Nani atunge uongo unaochosha hivyo?

Babu Kichuguu:
Hapo nimeamini. Chai huwa na utamu.

MpigaHesabu:
Nimempigia yule mama jana usiku, nikamsomea majina. Saba hakuwauliza, anasema anawajua tu. Watatu wako kwa mama zao na wanakula vizuri. Wa mwisho alinyamaza mpaka nikadhani simu imekata. Akasema huyo alimuuliza jikoni wakimenya viazi, akalia. Tangu hapo anapita kwake kila Jumanne bila karatasi, na kliniki ameshampeleka.

Nilimwekea sufuri.

Nimefuta zote kumi na moja. Bosi anarudi Alhamisi, nitamwambia mfumo ulisumbua.

SampuliMbili:
Mfumo unatunza tarehe na jina la kila aliyebadilisha. Mwambie wewe kabla hajafungua.

Dada wa Minneapolis:
Na hiyo ya viazi umekuja kuimwaga hapa mbele za watu? Kabila dogo, programu moja, mama mmoja aliyelia jikoni. Futa sasa hivi.

MpigaHesabu:
Nimejaribu. Muda wa kuhariri umeshapita.