Msaada: msimamizi kaandika "uhalali wa ndani?" kwenye sura ya nne

Mtoto wa Ujiji: Wakuu, niko Kigoma namalizia tasnifu. Nalinganisha kukagua programu kwa kuisoma tu na kuikagua kwa orodha ya maswali. Nilipandikiza hitilafu 12 kwenye programu ya mauzo ya dagaa. Mfano, mzigo wa kilo 50 kamili unastahili bei ya jumla; nikaweka > badala ya >=. Orodha imeshinda: kipimo cha Wilcoxon, kinacholinganisha matokeo jozi kwa jozi, kimetoa p = 0.002 (p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivi kwa bahati tu). Msimamizi kairudisha sura. Nimjibu nini?

Isevya: Washiriki ni wanafunzi? Basi matokeo hayavuki geti la chuo.

Luiche: Huo ni uhalali wa nje, mkuu, yaani kama matokeo yanawafaa na watu wengine; hajaulizwa huo. Wa ndani ni kama kweli orodha ndiyo iliyoleta tofauti. Mtoa mada, nani alianza na njia ipi?

Mtoto wa Ujiji: Wote walianza bila orodha. Wiki iliyofuata nikawapa orodha.

Luiche: Programu ileile?

Mtoto wa Ujiji: Ileile, ili ugumu usitofautiane. Majibu sikuwaambia.

Luiche: Hata usipowaambia. Aliyeiona ile > wiki ya kwanza, wiki ya pili anaiendea moja kwa moja, awe na orodha asiwe nayo. Umepima orodha pamoja na mazoea, na huwezi tena kuvitenganisha. Kubadilisha zamu kwa nusu yao nako hakutoshi: aliyekwisha kuyasoma maswali ya orodha hatayasahau ukimwambia asome hivihivi. Kila mtu apate njia moja tu. Piga kura, gawa makundi mawili, dakika zilezile, na msahihishaji asijue karatasi ni ya kundi gani. Hesabu pia walichokitia alama kumbe si hitilafu.

Bi Mkubwa Gungu: Takwimu ni amana, mwanangu. Usiharakie cheti.

Isevya: Ngojeni. Washiriki wangapi?

Mtoto wa Ujiji: Watano.

Isevya: Basi hii habari ni ya kutunga. Jozi 5 za Wilcoxon, hata zote zielekee upande mmoja, p haishuki chini ya 2 gawanya kwa 32 (32 ni 2 kwa kipeo cha 5, idadi ya jozi), yaani 0.0625. Hiyo 0.002 imetoka wapi?

Luiche: 2 gawanya kwa 1024 ni 0.00195. Hizo ni jozi 10. Mtoa mada, kila mtu ana mistari mingapi kwenye Excel?

Mtoto wa Ujiji: Miwili. Kuna faili la mauzo na la stoo, kila moja na mstari wake. Sijatunga jamani! Natetea baada ya wiki tatu, siwezi kuanza upya.

Luiche: Mtu makini kwenye mauzo ni makini na kwenye stoo; mistari yake miwili haijitegemei. Jumlisha, ubaki na jozi 5. Futa 0.002 kwenye ikisiri, onyesha idadi ya kila mtu kila wiki, na kazi uiite jaribio la awali. Makundi mawili yaanze na watu wapya, upime kwa Mann-Whitney, kipimo cha makundi mawili yasiyo na jozi. Hawa watano usiwachanganye humo.

Isevya: Neno kutunga nalifuta, samahani. Ila mistari yote 10 iweke kwenye kiambatisho kama ilivyo. Mtahini naye anajua kugawanya kwa 32.