Ushauri jamani: uvimbe ndani ya shavu, daktari anataka kukata

Mleta uzi: Wakuu, nina uvimbe ndani ya shavu, karibu na magego ya chini. Hauumi. Ulimi ukiupitia nausikia mgumu kama punje ya harage, na mswaki ukigusa hapo damu inatoka. Majibu ya kinyama kilichopimwa maabara yamesema sarkoma ya tishu laini, yaani saratani ya nyama laini za mwili. Mionzi peke yake haitoshi? Usingizi sina.

Mama Wawili: Pole mdogo wangu. Baba yangu alianza hivyo hivyo ulimini, tumbaku ya kutafuna. Acheni tumbaku jamani!

Mleta uzi: Dada, sijawahi kuionja.

Zamu ya Usiku: Mama Wawili, ya mzee ni nyingine. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani za kinywa huanzia kwenye utando wa juu, na tumbaku ni chanzo kikubwa. Sarkoma huanzia chini yake, kwenye misuli, mafuta au mishipa, na ni nadra sana mdomoni. Mleta uzi, hapo pamewahi kupita kisu?

Mleta uzi: Sawa, niseme. Miezi saba iliyopita daktari wa meno aliukata, akasema ni kujing'ata tu. Haukupelekwa maabara, ukatupwa. Ukarudi. Simlaumu, mimi ndiye niliyemharakisha, nilikuwa na safari.

Mbeba Maji: Hii chai. Kansa miezi saba bila maumivu? Na mbona hukusema tangu mwanzo?

Mleta uzi: Karatasi ya majibu ninayo hapa mezani. Niliona aibu, basi.

Zamu ya Usiku: Kutouma ni kawaida yake. Mkuu, uvimbe ukikatwa bila mpango seli za saratani hubaki kwenye kovu, kwa hiyo mpasuaji atoe kovu lote pamoja na nyama ya pembeni isiyo na ugonjwa. Mionzi mara nyingi hufuata upasuaji, haichukui nafasi yake. Slaidi, vile vioo vya kinyama chako, zisomwe tena na mpatholojia (daktari anayepima vinyama maabara) aliyezoea sarkoma. Aina za sarkoma ni zaidi ya 50, na rabdomayosarkoma, kwa mfano, hutaka kemo (dawa za kuua seli za saratani) pia. Piga picha za MRI ya uso na CT ya kifua, maana sarkoma hupenda kupita kwenye damu kwenda mapafuni. Meno mabovu yang'olewe kabla ya mionzi, baadaye taya hupona kwa shida.

Mleta uzi: Nimeelewa. Ila nimeshamwomba daktari mwezi mmoja wa kusubiri. Mimi ni mwalimu, nisipoweza kuongea je? Na kuna dawa ya mizizi nimeanza, naona umelainika.

Mama Wawili: Mwezi! Baba naye aliomba mwezi.

Mbeba Maji: Nisamehe kwa ile chai. Shemeji yangu alikatwa shavu, wakaziba kwa nyama ya mkononi. Mwanzoni uji ulimtoka pembeni ya mdomo. Sasa anaongea, na simu zake ni ndefu. Rudi kwa daktari wiki hii.

Mleta uzi: Kliniki ni Alhamisi. Nitaenda na mke wangu. Habari ya kukatwa mara ya kwanza bado sijamwambia.