MJADALA: Paul Williams akumbukwe Las Vegas kwa La Concha au kwa Berkley Square?

Wakuu, kila Paul Revere Williams anapotajwa kuhusu Las Vegas, kinachotangulia ni moteli ya La Concha. Mimi naona hapo tunamwonea.

Kwa asiyemjua: ni msanifu majengo Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Los Angeles, 1894, aliyefiwa na wazazi wote wawili akiwa mdogo. Mwaka 1923 akawa mweusi wa kwanza kuingia Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani. Alijizoeza kuchora juu chini, ili mteja mzungu asiyetaka kukaa ubavuni pake aione nyumba yake ikichorwa akiwa ng'ambo ya meza. Hebu fikiria mkono unaojifunza jambo hilo.

La Concha ya 1961 ni nzuri, sibishi. Paa la zege jembamba, linapanda na kushuka kama kombe la baharini, na ndiyo maana ya jina lake kwa Kihispania. Ilipokaribia kubomolewa, ukumbi wa mapokezi ulikatwa vipande 8, ukahamishwa mwaka 2006, na leo ndipo wageni wanapoingilia Neon Museum, makumbusho ya mabango ya taa za neon.

Lakini miaka ya katikati ya 1950, upande wa Westside, eneo la watu weusi la Las Vegas, Williams alikuwa ameshasanifu Berkley Square: nyumba 148 za familia za watu weusi. Zama zile msanii mweusi aliimba kwenye hoteli za Strip, barabara ya kasino, usiku akaenda kulala Westside kwa kunyimwa chumba palepale alipoimba. Nyumba hizo watu wanaishi humo hadi leo.

Wapo watakaosema mtaa uliingizwa kwenye Orodha ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria mwaka 2009, yatosha. Haitoshi. Orodha hiyo haimzuii mwenye nyumba kubadilisha au kubomoa kwa fedha zake. Wengine watasema nyumba ni mali ya mtu. Bibi anayetaka dirisha jipya la kukinga joto la jangwani asipangiwe. Hilo nakubali kabisa, ndiyo maana siombi marufuku. Naomba mji ulipie tofauti: dirisha linalofuata mchoro wa Williams likizidi bei lile la kawaida, nyongeza itoke mfuko wa umma. Fedha za kukata zege na kulihamisha zilipatikana.

Unayeona La Concha ndiyo itangulie, hoja yako ni ipi?